Gredi 50 na 50W: herufi moja ya kulipia, mbele ya chumvi ya Tanga

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga. Kazi kubwa za namna hiyo huja na michoro, na michoro huja na majina ya vyuma ambayo zamani hayakusikika vijiweni mwa mafundi. Leo mtu anayejenga godauni au kenchi ya ukumbi Tanga mjini anaweza kukuta mchoro umeandikwa "Gredi 50", karatasi ya bei ikasema "50W", na muuzaji akamwapia kwamba hiyo ya W ina nguvu zaidi, hailiwi na kutu, na haihitaji rangi. Kati ya madai hayo matatu, mawili si kweli, na la tatu ni kweli kwa masharti ambayo ufukwe wa Tanga hauyatimizi.

Tuanze na chuma chenyewe. Chuma cha kawaida cha ujenzi kina kaboni kidogo na manganizi kidogo. Ukiongeza kaboni, nguvu hupanda, lakini chuma huwa kikavu: kikizidiwa kinakatika badala ya kupinda, na kikichomelewa hupasuka pembeni mwa mshono. Njia nyingine ni kuiacha kaboni chini na kutia viambato vingine kwa vipimo vidogo sana, huku kiwanda kikidhibiti joto la kukandamiza pleti. Hicho ndicho kinachoitwa chuma cha aloi kidogo chenye nguvu kubwa. Na hapo "kidogo" ni kidogo kweli. Niobiamu inayotiwa kwenye chuma hiki ni kati ya asilimia 0.005 na 0.05, yaani gramu 50 hadi 500 kwenye tani nzima. Kazi yake ni kuzuia chembe za ndani za chuma zisikue wakati bado cha moto. Chembe zikiwa ndogo, chuma huwa na nguvu zaidi na bado kinapinda bila kupasuka.

Nguvu yenyewe hupimwa kwa vikomo viwili, na wengi huvichanganya. Cha kwanza ni kikomo cha kurudi: ukivuta chuma chini ya kikomo hiki kisha ukakiachia, kinarudi urefu wake, ukikivuka, kinabaki kimerefuka. Cha pili ni kikomo cha kukatika, ambacho kiko juu zaidi. Mhandisi huhesabu hasa kwa kile cha kwanza, na namba ya gredi nayo inatokana na hicho. "50" ni pauni 50,000 kwa inchi ya mraba kwa vipimo vya Marekani, sawa na megapaskali 345. Kwa vitendo, fito la milimita 10 kwa 10 la chuma cha A36, ambacho ni kiwango cha Marekani cha chuma cha kawaida cha majengo, hubeba takriban tani 2.5 kabla ya kuanza kurefuka moja kwa moja. Fito la ukubwa uleule la Gredi 50 hubeba takriban tani 3.5.

Sasa majina. Gredi 50 ya kawaida iko kwenye kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM A572. Chuma cha W kiko kwenye ASTM A588. Viwango vya madaraja vya Marekani, A709, vimeviweka vyote viwili chini ya paa moja na kuviita 50 na 50W, na W hiyo inahusu tabia ya chuma kinapoachwa nje kwenye jua na mvua. Mzigo ukitoka Ulaya utakuta S355 upande mmoja na S355J2W upande mwingine. Ukitoka China, jina la zamani ni Q345 na jipya ni Q355, na kile cha kuachwa nje ni Q355NH. Havilingani herufi kwa herufi, lakini ni ndugu wa karibu, na mhandisi ndiye wa kuruhusu kimoja kichukue nafasi ya kingine. Duka halina mamlaka hayo.

Linganisha A572 Gredi 50 na A588 kwenye karatasi, utaona kwanza jinsi vinavyofanana. Kikomo cha kurudi ni megapaskali 345 kwa vyote viwili. Vyote vinatakiwa kurefuka asilimia 21 kwenye kipande cha kupimia cha milimita 50 kabla ya kukatika. Kikomo cha kukatika ni 450 kwa A572 na 485 kwa A588, tofauti ambayo kwa boriti ya kawaida haibadilishi ukubwa wa boriti, kwa sababu hesabu ilishamalizika kwenye 345. Vyote vinashikilia namba hiyo hadi unene wa milimita 100, na sidhani kuna godauni Tanga linalokaribia unene huo.

Kwa hiyo anayelipia W akitafuta nguvu ananunua kitu ambacho tayari anacho.

Wanapoachana ni kwenye viambato. A572 inategemea niobiamu au vanadiamu, na kiambato kikubwa kuliko vyote ni manganizi, isiyozidi asilimia 1.35. A588, kwa mfano ile ya Gredi A, ina shaba asilimia 0.25 hadi 0.40, kromiamu 0.40 hadi 0.65, nikeli isiyozidi 0.40, na silikoni 0.30 hadi 0.65. Shaba, kromiamu na nikeli ndizo zinazopandisha bei, na kazi yake ni kubadilisha aina ya kutu.

Nasema aina ya kutu kwa makusudi, maana hapa ndipo uvumi mkubwa ulipo. A588 inashika kutu kama chuma kingine chochote. Ukiiacha uani wiki chache inakuwa nyekundu, na mteja aliyeambiwa "hailiwi na kutu" anapiga simu kulalamika. Kwenye chuma cha kawaida, kutu ni legelege, ina nyufa, inanyonya maji, inabanduka, na chini yake kutu mpya inaanza. Kwenye A588, chuma kikilowa na kukauka, kikilowa na kukauka, kwa miaka miwili mitatu hivi, viambato vile vinaijenga kutu ya ndani iwe imeshikamana na nzito, rangi ya kahawia iliyokoza. Inakaa kama kigaga juu ya kidonda: inafunika, na mwendo wa kutu chini yake unapungua sana. Haisimami kabisa. Ndiyo maana wasanifu wa madaraja huongeza unene wa ziada wa kuliwa pole pole kwa miaka yote ya daraja.

Sharti la kigaga hicho ni kukauka, na adui yake ni chumvi. Kloraidi ya bahari ikikaa juu ya chuma huvuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo uso haukauki. Tena huingia ndani ya kutu yenyewe na kuifanya ijengeke kwa umbo jingine, lenye magamba makubwa yanayobanduka. Kigaga hakifungi. Hapo 50W inaweza kuliwa karibu sawasawa na chuma cha kawaida, huku mwenye jengo akiwa ameacha rangi kwa kuamini W.

Mwongozo wa madaraja ya Uingereza unataka chuma hiki kisiachwe bila rangi ndani ya kilomita 2 kutoka baharini, isipokuwa ikithibitishwa kwa kupima kwamba kloraidi inayotua haizidi miligramu 300 kwa mita ya mraba kwa siku. Marekani nayo ilitoa mwongozo wake mwaka 1989 wenye tahadhari ya namna hiyohiyo kwa maeneo ya pwani. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha uwanja wa Aloha, Honolulu, uliofunguliwa 1975 ukiwa umejengwa kwa chuma cha kutu ya kujilinda. Hewa ya bahari ilikizuia kigaga kufunga, na serikali ya Hawaii ikaishia kutumia fedha nyingi miaka mingi kukarabati na kupaka rangi chuma kilichonunuliwa ili kisipakwe.

Kilomita 2 kwa jiji la Tanga zinameza bandari, Raskazone, Chumbageni na sehemu kubwa ya Ngamiani. Na pepo zetu hazichagui: kaskazi huja kutoka baharini, kusi nayo huja kutoka baharini. Isitoshe, sehemu zinazoumia zaidi ni zile ambazo mvua haizifikii. Watu hudhani chini ya varanda ya paa ndipo salama. Ni kinyume. Upande wa nje wa boriti, mvua za masika huosha chumvi. Chini ya paa na kwenye mikunjo ya ndani ya boriti ya H, chumvi inatua mwaka mzima na hakuna wa kuiosha.

Usidhani pia kwamba ukitoka pwani tu mambo yamekwisha. Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, hakuna chumvi lakini kuna ukungu, mvua nyingi na majani yanayoangukia kila ungio. Chuma kisichopata nafasi ya kukauka hakijengi kigaga. Mahali ambapo 50W isiyopakwa rangi ina maana kwa mkoa huu ni kule bara kwenye ukavu, njia ya Korogwe na Mombo, kwa mfano daraja la waenda kwa miguu au mnara ambao kuufikia na brashi kila baada ya miaka kadhaa ni gharama kubwa. Hata huko, maji ya kwanza yatakayochuruzika yatapaka ukuta na zege rangi ya kutu, na doa hilo halitoki kirahisi. Mchoraji asipoyapangia maji njia, mwenye jengo atalipia kupaka kuta.

Basi mjini Tanga uamuzi wangu ni rahisi: chukua A572 Gredi 50 au S355 ya kawaida, na ile tofauti ya bei itie kwenye rangi. Lakini rangi iwe rangi. Kupiga brashi ya waya na kupitisha koti moja la praima nyekundu si kinga mbele ya bahari. Uso upigwe mchanga hadi kiwango kinachoitwa Sa 2½, yaani ngozi nyeusi ya kiwandani iondoke na ibaki rangi ya kijivu inayokaribia nyeupe. Kisha praima ya epoksi yenye zinki nyingi, koti la kati la epoksi, na la juu la poliurethani, jumla isipungue maikromita 260 ikikauka, kama viwango vya kimataifa vinavyotaka kwa mazingira ya chumvi nyingi. Praima ipakwe siku ileile ya kupiga mchanga. Hewa ya Tanga haisubiri kesho. Kona kali zisagwe kwa grenda kwanza, maana rangi ikikauka hukimbia ncha na kuiacha na utando mwembamba, na kutu huanzia hapo.

Mwenye kutaka kuchovya kwenye zinki badala ya rangi aangalie silikoni kwenye cheti cha kiwanda kabla ya kununua. Chuma chenye silikoni kati ya asilimia 0.04 na 0.14, au inayopita 0.25, hujibizana na zinki kupita kiasi: ganda linakuwa nene, la kijivu kilichofifia, na huweza kubanduka likigongwa. A588 kwa viwango vyake iko juu ya 0.25 mara nyingi. Ukiagiza A572 unaweza kuomba silikoni ya 0.15 hadi 0.22, na zinki itakaa vizuri.

Kuna uvumi mwingine ambao hauhusu kutu kabisa, na pengine ndio unaoharibu kazi nyingi zaidi. Ni ule wa kusema Gredi 50 hainepi. Chukua mshipi wa kuvuta wa kenchi unaobeba tani 30, na uhesabu kwa asilimia 60 ya kikomo cha kurudi. Kwa A36 unahitaji milimita za mraba 2,000, yaani pleti ya unene wa milimita 10 na upana wa 200, uzito wa kilo 15.7 kwa mita. Kwa Gredi 50, upana wa 145 unatosha, kilo 11.4 kwa mita. Hiyo ni akiba halali, zaidi ya robo ya uzito. Tatizo linakuja pale hesabu hiyo inapohamishiwa kwenye boriti. Kunepa kwa boriti hakutegemei kikomo cha kurudi. Kunategemea umbo la boriti na ukakamavu wa chuma, na ukakamavu huo ni takriban megapaskali 200,000 kwa A36, kwa A572, kwa A588, kwa vyote. Boriti ya mita 6 iliyokuwa ikinepa milimita 14 kwa mzigo wa watu na vitu, ukiibadilisha kwa nyembamba zaidi yenye uwezo wa kuzuia kunepa pungufu kwa asilimia 30, itanepa milimita 20. Haitavunjika. Lakini kikomo kinachotumika sana kwa sakafu yenye dari ya plasta chini yake ni urefu gawa kwa 360, ambao kwa mita 6 ni milimita 17 hivi. Plasta itapasuka, mlango utagoma, na lawama atapewa fundi rangi.

Vivyo hivyo kwa tela na chasisi za malori zinazoundwa mitaani. Nyufa zinazoanzia kwenye mishono kwa sababu ya mtikisiko wa kila siku hazipungui kwa kupandisha gredi. Zinapungua kwa kubadilisha umbo la ungio na kulainisha mshono.

Kuchomelea ndiko kunakotofautisha karakana nzuri na nyingine. Vijiti vya 6013, ambavyo kila duka vinavyo, vinafaa geti na madirisha. Kwa vyuma hivi viwili tumia vya haidrojeni kidogo, 7018. Haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa kijiti huingia kwenye mshono wa moto, na saa kadhaa baadaye, wakati fundi ameshaondoka, hupasua chuma pembeni mwa mshono kwa ndani. Kijiti cha 7018 kikitoka kwenye kopo lake lililofungwa kinatakiwa kuwekwa kwenye oveni ya nyuzi 120 za Selsiasi, na kikikaa wazi zaidi ya saa 4 kirudishwe kukaushwa kwa nyuzi 260 hadi 430 kwa muda wa saa 2 au zaidi. Kuanika vijiti juani juu ya bati si kukausha, hasa kwa unyevu wa pwani.

Mshono ulio kwenye 50W itakayoachwa bila rangi unataka nao uwe na viambato vya kujilinda, kwa hiyo hutumika kijiti kama 8018-W2. Kwa mshono wa kona wa mpito mmoja usiozidi milimita 6, 7018 ya kawaida inaruhusiwa, kwa kuwa chuma cha pleti huyeyukia ndani ya mshono na kuupa sehemu ya shaba na kromiamu yake. A588 pia ni ngumu zaidi kuchomelea: ukijumlisha kaboni na viambato vingine kwa ile kanuni ya kaboni linganifu kwa viwango vya juu kabisa vinavyoruhusiwa, A588 Gredi A hufika karibu 0.60, na A572 haipiti 0.49. Vyuma halisi vya kiwandani huwa chini ya hapo. Kanuni za Marekani za kuchomelea huviweka vyote kundi moja: hadi milimita 38 joto la kawaida la Tanga linatosha, kuzidi hapo pasha hadi nyuzi 65, kuzidi milimita 65 pasha hadi 110. Ukinyoosha boriti iliyopinda kwa moto, usivuke nyuzi 650, ambazo kwa macho ni wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu. Ikifika wekundu wa kung'aa, zile chembe ndogo zilizolipiwa kiwandani zinaanza kukua, na namba 50 iliyogongwa kwenye pleti haiwi kweli tena mahali hapo.

Kwa bolti ni fupi: kwenye 50W isiyopakwa rangi tumia bolti za Aina ya 3, ambazo kichwani alama ya A325 ina mstari chini yake. Bolti za zinki zitapoteza zinki yake kwa kuilinda pleti kubwa iliyo jirani, kisha zitaanza kuliwa zenyewe.

Kilichobaki ni kujua ulichonunua. A572 na A588 mpya hazitofautiki kwa macho, kwa mlio wa nyundo wala kwa cheche za grenda, na mtu asikwambie anazijua kwa uzoefu. Dai cheti cha kiwanda kinachoonyesha matokeo ya mzigo huo wenyewe, si karatasi ya jumla ya kiwango. Tazama mistari ya shaba, kromiamu na nikeli: shaba ikiwa 0.02 na kromiamu 0.03, hiyo si A588 hata kama juu pameandikwa hivyo. Kisha linganisha namba ya tanuru, yaani namba ya mkupuo ambamo chuma hicho kiliyeyushwa, iliyo kwenye cheti na ile iliyogongwa au kuchapwa kwenye pleti, kila pleti, kabla lori halijashusha. Kifaa cha mkononi cha kupima viambato kwa mionzi kinasoma shaba na kromiamu kwa sekunde chache, lakini kaboni hakiioni. Kwa kaboni kipande kikatwe kipelekwe maabara. Ukikata pleti vipande, hamishia namba ya tanuru kwenye kila kipande kwa chaki au kalamu ya rangi kabla ya kuwasha gesi, kwa kuwa kipande kilichokwishapoteza namba yake ukikirudisha stoo unalazimika kukihesabu kama A36.